Kinanda cha Zamani Kikigoma Kwenye Laptopu: Fuata Dalili

Ukifungua studio Kigoma, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji, hautapita muda kabla mtu hajaja kukuomba sauti ya miaka ya 80. Mara nyingi ni mwalimu wa kwaya mwenye wimbo uliorekodiwa kwenye kanda enzi hizo, anataka urudiwe kwa kinanda kilekile. Mara nyingine ni kijana anayetaka biti yenye ladha ya rumba na zuku, ile iliyokuwa ikitufikia kwa redio kutoka ng'ambo ya ziwa. Vinanda vinavyotafutwa havizidi vidole vya mkono mmoja: Yamaha DX7 ya mwaka 1983, Casio CZ-101 iliyofuata muda mfupi baadaye, Roland D-50 ya 1987 na Korg M1 ya 1988. Kupata kimoja kizima huku kwetu ni bahati. Hata ukipata DX7, sauti zake zinatunzwa na betri ya ndani, na betri ikishakufa unabaki na vitufe vitupu.

Ndiyo maana tunatumia programu zinazoiga vinanda hivyo. Ziko za kulipia, na ziko za bure kama Dexed, inayoiga DX7 na kusoma mafaili yake ya asili. Hapa sishindanishi ipi kali. Nazungumzia zinapogoma, kwa sababu mengi ninayoletewa hayakutoka kwenye programu kabisa.

Kwanza jua ugonjwa uko upande gani

Sauti ikiharibika, watu wengi hufuta programu, wakapakua nyingine, bando likaisha na tatizo likabaki palepale. Kabla hujafuta chochote, fanya majaribio mawili.

La kwanza, iache kibodi yako ya midi, yaani ile inayotuma noti kwenye kompyuta, kisha bonyeza kwa mausi vitufe vinavyochorwa kwenye skrini. Sauti ikitoka vizuri, programu haina kosa. Kagua kibodi, waya wake au mpangilio wa midi.

La pili ndilo ninalolithamini zaidi. Andika noti chache, ekspoti kuwa faili la WAV, kisha lisikilize nje ya programu ya kurekodia. Ulipokuwa ukipiga moja kwa moja kulikuwa na mikwaruzo, lakini faili ni safi? Basi kompyuta inazidiwa. Wakati wa kuekspoti haina haraka, inapiga hesabu zake taratibu mpaka zikamilike. Unapopiga moja kwa moja lazima iwahi. Faili nalo likitoka bovu vilevile, kompyuta haihusiki. Tafuta kosa kwenye sauti uliyopakia au mipangilio ya ndani ya programu.

Majaribio haya hayachukui muda, na yanakuondolea nusu ya kubahatisha.

Programu haionekani kwenye orodha

Hili ni jepesi. Ama umeiweka kwenye folda ambayo programu ya kurekodia haiitafuti, ama haziendani kwa biti za kompyuta, yaani 32 na 64. Kwenye Windows, programu hizi za kuiga, yaani plagini, zikiwa za aina ya VST3 hukaa C:\Program Files\Common Files\VST3. Zikiwa hapo, amuru programu yako itafute upya. Plagini nyingi za miaka ya 2000 ni za biti 32, na Cubase tangu toleo la 9 na Ableton Live tangu toleo la 10 hazizipokei tena. Tafuta toleo la biti 64 badala ya kuhangaika na madaraja ya kuziunganisha.

Inafunguka, vitufe vinacheza, lakini kimya

Tazama kama mita ya sauti ya plagini inapanda unapobonyeza. Ikipanda, sauti inatengenezwa ila imepotelea njiani: trekii imezimwa, au kompyuta inapeleka sauti kwenye HDMI wakati wewe umechomeka hedifoni. Isipopanda, angalia chaneli ya midi. Midi ina chaneli 16, na programu zinazoiga vinanda vya sauti nyingi kwa pamoja, kama M1, zinaweza kuwa zinasikiliza chaneli 1 huku kibodi yako ikituma kwenye chaneli ya 10 kwa sababu jana ulikuwa ukipiga ngoma.

Kidole kimeshatua, sauti bado haijafika

Kuchelewa kunatokana na bafa, yaani fungu la sampuli (vipimo vidogovidogo vya sauti) ambazo kompyuta inakusanya kabla ya kuzitoa. Hesabu yake ni rahisi. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1024 inakuchelewesha takriban milisekunde 23, ya 512 karibu 12, ya 256 karibu 6, na ya 128 karibu 3. Hapo hujaongeza muda wa draiva na wa kadi ya sauti. Ukipiga piano kwa milisekunde 23 pamoja na hizo nyongeza, mkono wako unaanza kukimbizana na ngoma, na utadhani hujui kupiga.

Kwenye Windows usitumie draiva ya kawaida ya sauti kwa kazi hii. Tumia ASIO, draiva ya kupunguza kuchelewa: iliyokuja na kadi yako ya sauti kama unayo, au ile inayokuja na FL Studio, au ASIO4ALL ya bure. Kisha shusha bafa hadi 256 ndipo ujaribu.

Sasa kuna sababu moja ambayo hakuna mpangilio wa bafa utakaoitibu, nayo ndiyo ninayokutana nayo zaidi kwa vijana: wanasikiliza kwa spika ya Bluetooth. Bluetooth ya kawaida hukusanya sauti, huibana, huituma, kisha spika huifungua, na safari hiyo inaweza kula sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Hata kompyuta ya milioni tano haiwezi kukusaidia hapo. Chomeka waya. Hedifoni ya bei ndogo yenye waya ni bora kwa kurekodi kuliko spika kubwa ya Bluetooth, na sabufa ya nyumbani yenye waya wa AUX nayo inafaa kwa kupigia, ingawa kwa kumiksia itakudanganya kwenye besi.

Mikwaruzo, miripuko midogo, sauti inakatikakatika

Kama jaribio la WAV limeonyesha faili ni safi, kompyuta inazidiwa. Panga kazi yako kwa awamu mbili: unaporekodi, bafa ndogo na plagini chache, unapomiksi, bafa ya 1024 na hakuna anayejali kuchelewa.

Kisha tazama umeme. Laptopu ikiwa kwenye betri, Windows hupunguza kasi ya prosesa ili betri idumu. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, biti iliyokuwa ikicheza vizuri inaanza kukwaruza papo hapo, na mteja anadhani umeharibu kazi yake. Ingia kwenye mipangilio ya umeme, chagua utendaji wa juu hata ukiwa kwenye betri, na ukubali betri kuisha mapema. Joto nalo ni vilevile. Laptopu ya mtumba iliyojaa vumbi, imewekwa juu ya kitambaa kwenye chumba cha bati mwezi wa tisa, itajishusha kasi yenyewe ili isiungue. Safisha feni, iinue ili hewa ipite chini yake.

Jambo jingine: programu hizi hazilingani uzito. Dexed ni nyepesi mno, unaweza kufungua kadhaa kwenye mashine ya zamani. Zile zinazoiga mashine nzima pamoja na riveba (mwangwi) na korasi zake (si kiitikio, ni efekti ya kunenepesha sauti), hasa ukiwasha chaguo la ubora wa juu linalopiga hesabu mara kadhaa zaidi, zinakula prosesa kwelikweli. Ukishapenda sauti, igeuze kuwa faili la sauti ndani ya mradi na uzime plagini. Bakiza noti zake za midi pembeni, maana mwalimu wa kwaya atabadilisha ufunguo, hilo lihesabu limeshatokea.

Umepakia sauti za DX7, zote zinatoka kelele za chuma

Mafaili ya sauti za DX7 yana mwisho wa .syx, na yanasambaa kwenye flashi na magrupu kwa maelfu. Mengi yamechanganywa, na ukiyapakia hovyo unapata sauti zenye majina ya herufi zisizosomeka.

Anza na ukubwa wa faili. Benki kamili ya DX7 ni sauti 32, kila moja imebanwa kwenye baiti 128, jumla 4,096. Ongeza baiti 6 za mwanzo, 1 ya uhakiki na 1 ya kufungia, unapata 4,104. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, soma ukubwa wake. Likiwa na baiti 163, hiyo ni sauti moja tu, si benki. Likiwa na 4,096 kamili, limekatwa kichwa na mkia. Baadhi ya programu zitalisoma, nyingine zitalikataa. Likiwa na ukubwa mwingine wa ajabu, huenda liliharibika njiani au ni mabenki kadhaa yaliyounganishwa.

Lakini kuna mtego ambao ukubwa hauufichui. Yamaha walitoa pia vinanda vidogo vya familia hiyohiyo, kama DX21, DX100 na TX81Z. Hivi vinatengeneza sauti kwa opereta 4, yaani vijenzi vidogo vinavyotoa mtetemo, wakati DX7 ina opereta 6 na namna 32 za kuzipanga. Benki zao nazo zina baiti 4,104 zilezile! Faili linapita mlangoni bila kuulizwa, lakini ndani namba zimekaa nafasi nyingine kabisa, na programu ikizisoma kama za DX7 inatoa vurugu.

Ili kujua, lifungue kwa programu yoyote ya kuonyesha baiti kwa heksi na utazame baiti za mwanzo. Benki ya DX7 inaanza F0 43 00 09. Ya opereta 4 inaanza F0 43 00 04. Baiti hiyo ya nne ndiyo kitambulisho. Ile ya tatu inaweza kutofautiana kidogo kwa sababu inabeba chaneli, isikutishe. Ukikuta 04, faili si bovu, ni la kinanda kingine. Litunze, utalihitaji ukipata programu inayoiga TX81Z, maana besi zake ni tamu.

Piano ya umeme haina roho, au inapiga makelele

Hapa ndipo kazi nyingi za kwaya zinapoharibikia, nami nitakaa hapa kidogo.

Mwalimu mmoja wa kwaya alisikiliza piano niliyomwekea, akavua hedifoni taratibu. "Mwanangu, hii inalia kama kengele ya shule. Ile ilikuwa laini."

"Sauti ni ileile, mwalimu, hata jina ni lile."

"Jina sijui. Mimi nakwambia masikio yangu."

Masikio yake yalikuwa sahihi. Ili kuelewa, tazama ndani ya ile piano maarufu ya DX7 inayoitwa E.PIANO 1. Opereta zake 6 zimepangwa jozi tatu. Katika kila jozi, opereta moja inasikika na nyingine haisikiki. Kazi ya hii isiyosikika ni kuitikisa ile inayosikika, na kadiri inavyoitikisa kwa nguvu ndivyo sauti inavyokuwa na ncha kali. Kwenye jozi ya kwanza, opereta ya 2, ambayo ndiyo inayotikisa, imewekwa mara 14 ya noti unayopiga. Hiyo ndiyo inayotoa ule mlio mdogo wa "ting" mwanzoni mwa noti. Na imewekwa kuitikia sana nguvu ya kidole. Ukibonyeza pole, ting haisikiki, unabaki na mwili laini wa piano. Ukibonyeza kwa nguvu, ting inachomoza.

Sasa, kibodi ya DX7 yenyewe, hata uipige kwa nguvu kiasi gani, haikuwa ikifika 127, kipimo cha juu kabisa cha nguvu ya noti kwenye midi. Ilikuwa ikiishia chini ya hapo. Waliotengeneza zile sauti walizipima kwa vidole vyao juu ya kibodi hiyo. Kibodi yako ya kisasa inafika 127 bila shida, tena za bei nafuu hufika haraka kwa sababu vitufe vyake ni vyepesi. Kwa hiyo kila noti unayopiga inaitikisa opereta ya 2 kuliko ilivyokusudiwa, na unapata kengele ya mwalimu.

Tiba yake iko kwenye nguvu ya noti, si kwenye ikwalaiza. Weka ukomo wa juu wa velositi, yaani hiyo nguvu ya noti, anza na 100 hivi, usikilize. Kama kibodi yako ina mikunjo ya velositi, chagua ile ngumu. Ukishindwa yote, chagua noti zote kwenye piano roll na uzishushe kwa pamoja, huku ukiacha tofauti kati yao.

Hiyo tofauti ndiyo upande wa pili wa ugonjwa. Anayechora noti kwa mausi anazipa zote nguvu moja. FL Studio kwa kawaida huandika 100 kwa kila noti. Matokeo yake ting ni ileile kwenye kila kodi, mwanzo hadi mwisho wa wimbo, na msikilizaji anachoka bila kujua sababu. Usitumie kitufe cha kubahatisha nguvu, kinatoa mlevi. Fikiria mpigaji: kodi ya kwanza ya kipimo ni nzito, zile za kupita ni nyepesi, na wakati kwaya inaimba ubeti mkono unatulia. Chora hivyo.

Kabla hujaondoka kwenye Dexed, hakikisha kitasa cha Cutoff kiko wazi kabisa. DX7 ya asili haikuwa na filta. Kitasa hicho kimeongezwa. Kikiguswa kwa bahati mbaya, piano inafifia na utahangaika na velositi bure.

Gurudumu la modulesheni halifanyi kitu

Benki ya DX7 hubeba sauti tu. Mipangilio kama gurudumu lifanye nini au kiasi cha kukunja noti haikuwemo ndani ya sauti. Ilikuwa ya mashine. Fungua kitufe cha PARM kwenye Dexed, uliambie gurudumu litikise noti, weka na kiasi cha kukunja. Dakika moja.

Ni safi mno, haifanani na kanda

Kweli haifanani, na haipaswi kufanana. DX7 ya kwanza haikuwa na riveba wala korasi hata moja ndani yake. Ulichokisikia kwenye kanda ni kinanda, pamoja na efekti ya studio au ya pedali, pamoja na mikisa, pamoja na kanda yenyewe iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine. Programu inakupa kituo cha kwanza tu cha safari hiyo. Weka korasi nyepesi ya stereo, riveba fupi, ukate kidogo juu, na utaona mtu anatabasamu.

D-50 na M1 ni kinyume chake: zilikuja na efekti zao ndani, na sehemu kubwa ya uzuri wa D-50 ni riveba na korasi yake. Mtu akiniletea sauti ya D-50 iliyokauka, swali langu la kwanza ni kama amezima efekti za ndani ili aweke zake. Ziwashe, uondoe zako.

Kuhusu ukali wa umeme wa zamani, DX7 ilitoa sauti kwa kigeuzi cha biti 12, na kulikuwa na unga-unga fulani kwenye mkia wa noti. Dexed ina chaguo la injini: ya kisasa ya biti 24, Mark I inayokaribia ile ya asili, na ya tatu inayofuata OPL, chipu za sauti za Yamaha. Kwa wimbo wenye ngoma na magitaa, tofauti hutaisikia kabisa. Kwa piano peke yake na sauti ya mwimbaji, jaribu Mark I.

Noti za juu zinatoa milio isiyokuwepo

Piga noti moja, panda nayo taratibu kuelekea juu ya kibodi. Ukisikia mlio mwingine unashuka wakati wewe unapanda, hapo hakuna kasoro ya faili. Kompyuta ikifanya kazi kwa sampuli 44,100 haiwezi kubeba mtetemo unaozidi nusu yake, yaani 22,050. Sauti za DX7 zinazalisha mitetemo mingi ya juu, na inayozidi mpaka huo inakunjwa na kurudi chini: uliotakiwa kuwa 25,000 unasikika 19,100, na hauhusiani na noti yako.

Washa ubora wa juu kama programu inao, au punguza nguvu ya opereta zinazotikisa, au shusha oktava. Vinanda vya zamani navyo vilikuwa na tabia hii kwa kiasi chake, kwa hiyo usiitibu kupita kiasi. Ikiwa haiudhi ndani ya wimbo, iache.

Kwenye hedifoni tamu, kwenye spika za kanisa imepotea

Mfumo wa spika za makanisa yetu mengi ni wa mono, na simu nyingi nazo hucheza kwa spika moja. Korasi pana ya stereo hutengenezwa kwa kutofautisha kushoto na kulia. Ukizijumlisha, sehemu za sauti zinafutana. Pedi ya D-50 iliyojaa chumba kwenye hedifoni inabaki kivuli.

Bonyeza kitufe cha mono kwenye trekii kuu kabla hujaekspoti. Sauti ikizama, punguza upana au kina cha korasi. Kwa kazi ya kwaya, mimi huacha piano na besi zikiwa mono tangu mwanzo, pedi peke yake ndiyo inapewa upana. Besi yenye korasi pana nimeshakataa hata kubishana nayo.

Kinanda kiko chini ya waimbaji

Tofauti ikiwa karibu nusutoni moja na nusu, hiyo ni alama ya wazi ya idadi ya sampuli kwa sekunde kutokulingana: kazi ya 48,000 inachezwa kama 44,100. Linganisha namba kwenye mradi, kwenye draiva na kwenye faili. Tofauti ikiwa ndogo, chini ya nusutoni, na unapiga juu ya kanda ya zamani, kosa ni la kanda. Redio kaseti zilikimbia kila moja kwa kasi yake. Usilazimishe kanda ifike 440, kipimo cha kawaida cha kutyunia noti ya A. Zungusha kitasa cha tyuni cha programu mpaka kinanda kikutane nayo, na kwa wimbo unaorudiwa upya kiache 440.

Mkia wa noti unakatwa

Angalia idadi ya sauti zinazoruhusiwa kwa pamoja. DX7 ilikuwa na 16. D-50 na M1 nazo 16, zinazoshuka hadi 8 sauti moja ikijengwa kwa safu mbili. CZ-101 ilikuwa na 8, au 4. Programu nyingi huanza na idadi ya asili. Ukishikilia pedali na kodi za vidole vinne, zinaisha haraka na noti za zamani zinaporwa. Ongeza. Kama kibodi yako inatuma pedali hata usipoikanyaga, chomoa pedali kwanza.

Mwalimu bado anasema siyo yenyewe

Umepitia yote, velositi iko sawa, korasi ipo, na bado anatikisa kichwa. Basi huenda unaiga kinanda ambacho hakikuwemo. DX7 ilikuwa ghali. Bendi na kwaya nyingi zilirekodi kwa vinanda vidogo vya nyumbani, vingine vya opereta 2 tu, vingine vya sampuli kwa maana ya rekodi fupi za vyombo. Sikiliza tena kanda kwa makini badala ya kusikiliza kumbukumbu.

Ukisikia pumzi, mguso au kengele fupi mwanzoni mwa noti, kisha mwili laini unaofuata tofauti na mwanzo wake, elekea D-50: mashine ile iliunganisha vipande vifupi vya sampuli kwa mwanzo na sauti ya kutengenezwa kwa mwili. Piano ngumu, inayong'aa, inayoishia haraka kwenye kodi nzito, hiyo ni M1. Vinanda vyenye nyuzi ambazo kwa mbali zinasikika za chuma vina tabia ya DX. Nyuzi zikiwa za kweli-kweli lakini zinajirudia kwa mzunguko mfupi unaposhikilia noti, ni sampuli ya miaka ya 90.

Jihadhari pia na pakiti za bure zenye jina la D-50 ambazo ni rekodi tu za kinanda. Jaribio lake: piga noti ya chini na ya juu zilizo mbali. Ikiwa ile pumzi ya mwanzo inaharakishwa kupita kawaida juu na kuvutwa chini, umepewa rekodi moja iliyonyooshwa. Kisha piga pole na kwa nguvu. Kama kinachobadilika ni ukubwa wa sauti peke yake, jibu ni hilohilo. Kwa pedi ya nyuma inaweza kutosha. Kwa utangulizi wa wimbo haitoshi.

Jana ilikuwepo, leo mradi umefunguka na sauti nyingine

Programu ya kulipia ikiwa kwenye jaribio, kila baada ya muda itanyamaza au kutoa kelele, na nyingine hazikuhifadhii kazi. Programu zilizovunjwa kufuli ya leseni nazo zina vituko vyao, pamoja na virusi, na kwa kuwa Dexed haina gharama sioni sababu ya kuhatarisha mashine ya kazi kwa ajili ya DX7.

Kama leseni yako inahitaji kuthibitishwa mtandaoni, ifanye siku una bando, si asubuhi ya kurekodi. Faili la .syx ulilotumia liweke ndani ya folda ya mradi, si kwenye flashi ya mtu. Andika jina la sauti na namba yake kwenye trekii, kwa mfano "E.PIANO 1, 11", pamoja na ukomo wa velositi uliouweka. Na kila trekii ya kinanda iwe na WAV yake pembeni, ili kwaya ikirudi baada ya mwaka mmoja kutaka kuongeza ubeti, kazi ifunguke hata kama programu imegoma.